Redio za Watu

Jumatatu mimi ni mwanakwaya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniaibisha mbele za watu.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nimelelewa madrasa, na swala tano sizikosi ila nikiwa mgonjwa. Lakini kila Jumatatu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, nasikiliza kwaya moja ya Makutupora, sauti nne na kinanda, akina mama wanapanda juu mpaka kioo cha dirisha kinaitikia. Siku moja nimeinama bombani msikitini natawadha, nikasikia mtu anaimba besi. Nikageuka kumtafuta huyo asiye na adabu anayeimba nyimbo za kanisani katikati ya udhu wa watu. Alikuwa ni mimi. Mzee mwenzangu wa bomba la pili alinitazama, akaosha mkono wake wa kushoto mpaka kwenye kiwiko bila haraka, kisha akasema, "Sheikh, hapo kwenye kiitikio unapanda mapema. Wao wanasubiri kinanda kwanza." Kumbe nyumba yake imepakana na kanisa, wimbo wote anaujua. Tangu siku hiyo tukikutana ananiuliza mazoezi yanaendeleaje.

Basi nijieleze, maana mtu akiisikia wiki yangu anaweza kudhani nimechanganyikiwa. Mimi ni fundi redio. Fremu yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Nkuhungu, Dodoma: meza moja, rafu ya spika zilizokufa, na dirisha linaloniletea vumbi la barabarani bila kuombwa. Watu wananiletea redio, sabufa, amplifaya, na mtu wa hapa akikuletea sabufa hachomoi flashi yake. Anaiacha humohumo ubavuni ili fundi ajaribie. Na fundi anayejua kazi hajaribu kwa dakika mbili. Kifaa kinaimba vizuri kikiwa cha baridi, kikishapata joto kinazima mbele ya mwenyewe, wewe unabaki unajichekesha. Kwa hiyo nikimaliza kutengeneza nakiacha kiimbe kutwa nzima. Ndivyo nilivyofundishwa kazi, na ndivyo ninavyosikiliza muziki. Sichagui mimi, wananichagulia wateja.

Sabufa ya Jumatatu ni ya mama mmoja anayepogoa mizabibu huko Makutupora na kuimba sauti ya kwanza. Jumanne ni ya bwana wa bodaboda, baba wa watoto watatu, mtu mzima na ndevu zake, lakini kwenye flashi ana singeli tu. Singeli haifai kwa umri wangu wala kwa kazi yangu. Mdundo unakimbia, mkono nao unaufuata, na Jumanne moja nililehemu waya wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, nikajipongeza kwa kumaliza mapema. Nilirudia kazi ile Jumatano nzima.

Jumatano ni siku ya redio kaseti. Ndiyo, kaseti. Ililetwa na bibi mmoja Mgogo wa Haneti, imefungwa kwenye khanga kuukuu, na ndani yake mna kaseti moja tu: akina mama wa kijijini kwao wanapiga ngoma na kuimba, mtu karekodi palepale uwanjani, kwa hiyo unasikia yote, kuku, watoto wanaofukuzwa, watu wanaozungumza kati ya wimbo na wimbo. Kigogo nakisikia nusunusu, lakini kucheka hakuna lugha. Na upande wa kwanza, baada ya wimbo wa tatu, kuna mwanaume anakohoa. Kikohozi kizito cha mtu mzima, mara tatu, halafu anajisafisha koo kama anayetaka kusema neno, na ngoma inaanza kabla hajalisema. Mara ya kwanza nilipomsikia nilimwambia pole. Nilikuwa nimeinama, sikufikiri. Nikacheka peke yangu mle ndani. Lakini wiki iliyofuata nilimwambia tena, na huo ukawa utaratibu. Anakohoa, nasema pole mzee, tunaendelea.

Alhamisi nachambwa. Sabufa ni ya mwanamke muuza vitenge wa mjini, katika zile koo za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na misafara, wakaona Dodoma panatosha. Flashi yake ni taarabu mwanzo mwisho, na zote za mafumbo. Kuna wimbo mwanamke anamwambia mwenzake ajitazame kwenye kioo kabla ya kusema ya watu. Sasa mle kwenye fremu niko mimi peke yangu. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha nikaona shati limefungwa vifungo kombo tangu asubuhi. Ijumaa naheshimu siku, nawasha amplifaya ya madrasa, watoto wanaimba kaswida na mmoja wao siku zote yuko nyuma ya wenzake kwa neno zima. Jumamosi ni sabufa ya grosari ya jirani, muziki wa dansi wa zamani, magitaa yanazungumza weee, mpaka unasahau kwamba kuna mwimbaji, ndipo anaingia na malalamiko yake.

Jumamosi huwa siimbi. Marehemu mke wangu alikuwa mtu wa dansi. Alikuwa anapika na redio yake imesimama dirishani pa jikoni, na likifika gitaa analolipenda anatoka na mwiko, anazunguka mara mbili uani, anarudi kwenye sufuria kama hakufanya kitu. Ni mwaka wa tatu sasa tangu aondoke. Redio yake nilimpa binti yetu alipopata kazi ya uuguzi Songea. Haikuwa redio ya kumpa mtu. Panya alikuwa ametoboa spika, nikaiziba kwa gundi na kipande cha karatasi ya daftari, na tangu hapo mwanaume mwenye sauti nzito akizungumza ndani yake inakwaruza kidogo, khrr, hasa mwisho wa neno. Nilimwambia binti nitambadilishia spika kabla hajasafiri. Nilimwambia kesho.

Hapo kwenye kesho ndipo penye kisa chote.

Kila mtu anajua fundi ni mtu wa njoo kesho. Fundi cherehani kesho, fundi viatu kesho, fundi redio kesho na kesho kutwa, na mteja anakasirika kidogo, anaguna, anaondoka, kwa sababu alikuja akijua atajibiwa hivyo. Hakuna anayejiuliza kwa nini. Sasa mimi nakiri hapa, na nisamehewe: redio zile zote zilikuwa zimepona. Sabufa ya kwaya niliimaliza siku mbili tu baada ya kuletwa. Ya singeli, wiki moja. Redio kaseti ya bibi ilikuwa mkanda tu uliolegea, kazi ya nusu saa. Lakini mwenyewe akija dirishani na kuuliza, "Fundi, vipi ile kitu?" mdomo wangu unasema, "Bado kuna kifaa nakisubiri kutoka Dar. Njoo kesho." Anaguna, anaondoka, nami nageuka kuongeza sauti. Hakuna aliyenishuku, kwa kuwa nilikuwa nadanganya uongo uleule waliouzoea.

Sikupanga. Nilianza na moja tu, ile ya kwaya. Mama wa mizabibu alikuja kuichukua siku ya mvua, nikaitazama nyumba nyuma yangu, korido tupu, chumba cha binti kimefungwa, sufuria moja jikoni, nikasema kesho. Baada ya miezi mitano nilikuwa na juma zima.

Nimesema Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili sikuitaja kwa sababu Jumapili sikuwa nasikiliza muziki. Jumapili nilikuwa naandaa wageni.

Binti yangu hunipigia Jumapili baada ya alasiri. Siku za mwanzo alizokuwa Songea simu zetu zilikuwa ngumu. Shikamoo baba, marahaba mama, umekula nini, wali, na nini, na maharage, halafu kimya, nasikia anavuta pumzi, nami natazama ukuta. Alikuwa analia akidhani sisikii. Aliona amemwacha baba yake peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne. Sasa Jumapili moja, kabla juma langu halijajaa, simu iliingia sabufa ya kwaya ikiwa bado imewaka. Akauliza, "Baba, una wageni?" Na sauti yake ilikuwa imechangamka hivi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Ningesemaje? Nikasema, "Ndiyo mama, wapo wapo."

Siku ile hakulia. Alinisimulia habari za wodini kwake, akacheka, na kwake nako nikasikia watu. Aliniambia ni wenzake wa kazini, huja Jumapili kupika pamoja. Nilifurahi, na wivu nao ulinipata kidogo, nisiseme uongo mwingine hapa.

Basi ikawa kazi. Jumapili baada ya swala naweka chai, nachagua wageni. Kwaya nikaiacha, haiwezekani watu waje kwa mzee wa Kirangi kila wiki kuimba sauti nne. Taarabu ina kelele, simu haishiki. Iliyofaa kuliko zote ni kaseti ya bibi wa Haneti, kwa sababu ina watu wanaoongea. Naipeleka mpaka baada ya wimbo wa pili, naisogeza mlangoni pa korido ili sauti itoke mbali, na simu ikiita nabonyeza. Mimi huyuhuyu, mwenye miaka sitini na moja na mvi kichwani, nakimbia na simu mkononi kuwahi kubonyeza kaseti.

Nilisahau kikohozi.

"Baba, nani huyo anakohoa?" aliniuliza.

"Mzee mmoja wa Haneti. Kapitia kunijulia hali."

"Kikohozi hicho si kizuri. Kimeanza lini?"

Nilimwambia wiki hii hii. Kosa langu lilikuwa kumtaja mgonjwa mbele ya muuguzi. Jumapili iliyofuata aliniuliza mzee anaendeleaje, na kabla sijajibu mzee mwenyewe akajibu, mara tatu, na kujisafisha koo. Wiki ya tatu binti akawa mkali. "Baba, kikohozi cha wiki tatu si cha kuchezea. Mpeleke akapime makohozi. Na fungua madirisha, wewe mwenyewe kifua chako si chuma." Nikaahidi. Wiki ya nne aliuliza majibu ya makohozi. Nilisema yametoka safi. Akasema warudie. Nilijaribu kuruka pale kwenye kikohozi, lakini kaseti ni kaseti, ukiharakisha unakuta umeingia katikati ya ngoma, na ngoma ikilia kwa nguvu binti anasema, "Baba, siwasikii." Basi mzee wa watu alikohoa miezi miwili, akapima mara tatu, na binti yangu akawa anamuulizia kuliko anavyoniulizia mimi.

Nilikuwa nacheka. Nikimaliza simu nazima kaseti, na ile nyumba, nyie, inakuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla. Chai nimeweka vikombe viwili kwa kupitiwa. Nilikuwa nakunywa kimoja, na cha pili nakinywa kikiwa kimeshapoa.

Mwaka huu nilikuwa naisubiri Idd ya kuchinja. Binti hakuja nyumbani mwaka jana, alikuwa mgeni kazini, ruhusa hakuna. Mwaka huu alikuwa na likizo yake. Sikumwambia njoo, baba hamwombi mtoto, lakini nilipaka rangi chumba chake, na godoro nililianika juani siku mbili, na kwa mtu wa mbuzi nilishaulizia. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Jumapili ile alipiga kama kawaida. Kaseti ilikuwa inalia mlangoni, watu wanacheka, mzee keshakohoa. Akasema, "Baba, nilitaka kukwambia kuhusu Idd. Mwenzangu mmoja hapa mama yake yuko peke yake, hana mtu hata wa kumpikia. Nimempa zamu yangu ya likizo aende yeye. Mimi nitafanya kazi." Akaendelea haraka haraka, "Ningekuwa najua uko peke yako nisingefanya hivyo, wallahi. Lakini nyumba yako imejaa watu, baba. Mimi ningekuja kuongeza sahani tu."

Nilisema, "Umefanya vizuri, mama." Nyuma yangu akina mama wa Haneti walikuwa wanapiga vigelegele.

Usiniulize nililalaje usiku huo. Asubuhi niliamka na hasira, na kama ilivyo kawaida ya mtu mwenye hasira na nafsi yake, nikaitafutia watu wengine. Nilizitazama zile sabufa zimepangana ukutani, zimetulia, zimeshiba, nikaona hizi ndizo zilizonifukuzia mtoto. Nikachukua simu nikawapigia wote, mmoja mmoja, kwa sauti ya ukali kana kwamba wao ndio waliochelewa. "Kifaa chako kiko tayari. Mwisho Jumamosi. Kisipochukuliwa sitahusika." Mama wa mizabibu alishtuka, akaniuliza kama naumwa. Bwana wa bodaboda alisema, "Fundi, leo umeamkaje?" Bibi wa Haneti hana simu, nilimpigia jirani yake.

Walikuja wote. Jumanne bodaboda, akaifunga sabufa kwa mpira nyuma ya pikipiki, akawasha singeli palepale kujaribu, akaondoka nayo ikiwa inaimba. Jumatano kwaya. Mama wa mizabibu alisikiliza nusu wimbo, akasema sauti imekuwa nzuri kuliko ilivyokuwa mpya, na mimi bila kufikiri nikamwambia pale kwenye kiitikio watu wa besi huwa wanawahi. Alinitazama muda mrefu. Alhamisi vitenge, Ijumaa ustadhi wa madrasa, na mwenye grosari akamtuma mhudumu wake. Kila kifaa kilichotoka kiliacha alama safi kwenye vumbi la rafu.

Bibi wa Haneti alifika Jumamosi, wa mwisho. Nilimwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, mbukwenyi, nikaongeza na shikamoo kwa usalama. Aliketi kwenye kigoda, akaiweka redio mapajani, na hakusema niijaribu. Aliiwasha mwenyewe. Akapita wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, ameinamisha kichwa, na mimi nimesimama sijui nishike nini. Kikohozi kikaja. Mara tatu, na kujisafisha koo. Nilifunga mdomo wangu nisiseme pole.

Bibi akazima. "Ni yeye," akasema.

"Nani, bibi?"

"Mzee wangu. Ngoma hizi mimi nazijua zote, naziimba mwenyewe nikitwanga. Mimi nasikiliza hapa tu. Sauti yake nyingine sina, aliyekuwa anarekodi hakumrekodi yeye, alikuwa anarekodi ngoma." Akaanza kuifunga redio kwenye khanga yake. "Nimekuja hapa mara nne. Unaniambia kesho. Nikawa nasema, Mungu, huyu fundi akiiharibu hiyo kaseti nitamsikia wapi tena?"

Mara nne. Haneti mpaka hapa, na kurudi. Nilitaka kumwambia kwamba redio yake ilipona ndani ya nusu saa, kwamba mumewe nilimkalisha kwenye korido yangu miezi yote ile nikimtumia kumdanganya mtoto. Nilisema tu, "Nisamehe bibi, haikuwa na ugonjwa mkubwa. Nilikosa mimi." Akaniambia si kitu, mafundi wote ndivyo walivyo. Nilimsindikiza mpaka kituoni nikiwa nimembebea ile redio, na nilipomkabidhi nilikuwa naona haya mpaka masikio yanaungua.

Jumapili ikaja. Nikaswali alasiri, nikaweka chai, kikombe kimoja, nikaketi. Rafuni zimebaki spika zilizokufa tu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kusikia vitu vya nyumba yangu: bati linatanuka kwa jua, upepo unasukuma mlango wa uani, tone la bomba. Simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hujambo?"

"Sijambo. Mbona kimya? Wageni wameondoka?"

Nikasema wameondoka.

"Na yule mzee wa kikohozi? Anaendeleaje?"

Nilikuwa na jibu tayari, nilikuwa nimelitengeneza tangu asubuhi, kwamba kapata nafuu na karudi kwao. Lakini nikamwona yule bibi ameinamisha kichwa. Nikasema, "Alikufa, mama. Alikufa zamani, kabla sijamjua."

"Baba, sikuelewi."

Na katika kule kutafuta namna ya kuanza, nikanyamaza, na yeye akanyamaza akinisubiri. Kwangu hakukuwa na kaseti wala sabufa. Kwa mara ya kwanza nikasikia kwake vizuri. Wenzake wa kazini walikuwepo kama kila Jumapili, wanaume na wanawake wanazungumza, mmoja anasema jambo, wote wanacheka. Kisha mwanaume mwenye sauti nzito akaanza kueleza kitu, na mwisho wa neno nikasikia, khrr.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaziba sikio la pili. Akasema tena, na tena, khrr, upande wa chini, pale nilipobandika karatasi ya daftari kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini na tano. Sauti ya mtu naweza kuikosea, spika niliyoitengeneza siwezi.

"Mama," nikasema, "izime hiyo redio."

Wale watu wakaendelea kucheka kidogo, kisha wakakatika wote kwa pamoja, na kwake kukawa kimya kama kwangu. Nikasikia anavuta pumzi vilevile kama zamani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ile uliyosema una wageni," akasema. "Nilikuwa nimeiwasha nipate mtu wa kunisemesha. Ukauliza ni akina nani. Ulivyouliza kwa furaha, baba, nikashindwa kukwambia." Halafu akauliza polepole, "Na wewe?"

Nikamwambia yote. Kwaya, bodaboda, kaseti, kesho zangu. Nilipofika kwenye kupima makohozi mara tatu alicheka mpaka simu ikapiga mluzi, kisha kicheko kikageuka, akalia waziwazi, na mimi pia nililia, sioni kwa nini nifiche. Alisema huko hamjui mtu. Wenzake wana familia zao, akitoka zamu anarudi chumbani anafunga mlango mpaka zamu nyingine. Zamu ya Idd ameshaitoa, na mwenzake keshasafiri kwa mama yake, haiwezekani kurudi nyuma.

"Basi nakuja mimi," nikasema. "Kesho."

"Baba, kesho yako naijua."

Nilistahili. Nilikata simu nikafungua kabati la vifaa, nikatoa spika mpya ya saizi ile, nikaifunga kwenye khanga ya mama yake pamoja na bisibisi na lehemu. Alfajiri nilikuwa stendi, na fremu nimeifunga kwa kufuli, nimeandika kwa chaki mlangoni: Fundi hayupo.

Basi liliingia Songea giza linaanza. Chumba cha binti yangu kina kitanda, jiko la gesi, dirisha lenye pazia alilolishona mama yake, na kiti kimoja. Alinipa kiti, akakaa kitandani, akapakua wali kwenye sahani moja tukala pamoja. Redio ya mke wangu ilikuwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilipomaliza kunawa nikaitoa spika kwenye khanga, nikaigeuza redio kifudifudi, nikaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza.

Binti yangu akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Usiifungue leo," akasema. "Utaitengeneza kesho."

Nikairudisha bisibisi kwenye khanga.